Pumu ya ngozi ya mtoto, sonona ya mama yake mdogo: je, ni damu moja?

*"Shikamoo daktari. Naishi Moshi, nina miaka 33. Mwanangu wa kiume ana miaka 8, ana pumu ya ngozi tangu akiwa na miezi minne, na tangu mwaka jana kifua kinambana, hasa miezi ya baridi. Mimi mwenyewe nina pumu ya kifua toka utotoni. Mdogo wangu wa kike alilazwa mwaka jana, wakasema ni sonona. Anatumia dawa na anaendelea vizuri. Sasa mtoto hatulii darasani, mwalimu ananiita kila wiki, usiku halali, na hasira zake ziko karibu. Nampa Piriton ili alale. Wifi yangu alinitumia WhatsApp habari kwamba wanasayansi wamegundua aleji na magonjwa ya akili yana vinasaba vya pamoja. Mama mkwe anasema ndiyo hayo hayo, damu ya kwetu ina ukichaa na umeanza kwa mtoto. Na mimi kuna siku moyo unaenda mbio, pumzi inakata bila sababu. Nilienda duka la dawa nikapewa propranolol ya kutuliza mapigo, bado sijaimeza. Je, ni kweli mambo ya vinasaba? Nikampime mtoto DNA? Na niache dawa za kupaka, maana wanasema zinaingia kwenye damu?"*

Marahaba, dada yangu. Kabla hatujafika kwenye vinasaba: vile vidonge vya propranolol usivimeze. Virudishe dukani au vipeleke kwa daktari umwambie ulivyovipata. Propranolol ni dawa nzuri kwa watu wengi wenye mapigo ya haraka, lakini kwa mwenye pumu inaweza kuibana mirija ya hewa ghafla, na mbaya zaidi, inazuia ile inhela yako isifanye kazi pale unapoihitaji kuliko siku zote. Anayekuuzia dawa ya moyo kwenda mbio bila kukuuliza kama una pumu ameruka swali la kwanza kabisa. Nimeanza na hili kwa sababu katika barua yako yote, hapa ndipo kifua na akili vinapokutana kwa hatari ya kweli, na hakuna aliyekuambia.

Sasa tuje kwenye lililokukosesha usingizi. Ukiliweka wazi, swali lako ni hili: je, upele wa mwanao, pumu yako na sonona ya mdogo wako ni matawi ya mti mmoja, na je, mti huo sasa unamzalia mtoto ukichaa?

Habari aliyokutumia wifi yako haikutungwa, ila imekatwa kichwa na miguu. Ni kweli kwamba kwa muda mrefu madaktari wameona watu wenye aleji wanapata sonona na wasiwasi uliopitiliza kuliko wasio na aleji. Mwaka 2000, watafiti waliochunguza mapacha wa Finland walikadiria kwamba sehemu kubwa ya uhusiano kati ya aleji na dalili za sonona inatokana na kile kinachorithiwa ndani ya familia. Mapacha ni shule nzuri ya jambo hili: wanaofanana kabisa wana vinasaba vile vile, wasiofanana wanagawana nusu tu kama ndugu wengine, kwa hiyo ukilinganisha makundi hayo mawili unaanza kuona kipi ni cha damu na kipi ni cha maisha.

Baadaye ikaja teknolojia ya kusoma vinasaba vyenyewe. Mwaka 2017 ulichapishwa uchambuzi wa watu 360,838 ukaonyesha kwamba pumu, mafua ya aleji na pumu ya ngozi vina asili ya pamoja, ukataja alama 136, yaani sehemu ndogo ambapo vinasaba vya mtu na mtu vinatofautiana, katika maeneo 99. Ndiyo maana nyumbani kwenu wewe una kifua na mtoto ana ngozi. Kwa sisi madaktari hao si wageni wawili waliokutana njiani, ni ndugu. Halafu mwaka 2019 kundi lingine lilichukua taarifa za pumu kutoka UK Biobank, hazina ya Uingereza yenye taarifa za watu kama laki tano, likazilinganisha na vinasaba vya magonjwa manane ya akili. Uhusiano ulionekana kwa matatu: sonona, wasiwasi uliopitiliza, na tatizo la mtoto kukosa umakini na utulivu.

Yahesabu tena hayo matatu. Skizofrenia ilikuwa miongoni mwa yale manane. Ugonjwa wa baipola pia. Hayo ndiyo watu wa mtaani wanayoyaita ukichaa, na pumu haikuonekana kufungamana nayo. Kwa hiyo mama mkwe akisema "ukichaa", hata utafiti anaoutegemea haumuungi mkono. Na sonona yenyewe siyo ukichaa, mdogo wako anastahili hilo lisemwe kwa sauti.

Lakini "vinasaba vya pamoja" maana yake nini hasa? Hapa ndipo habari za kwenye simu zinapompoteza msomaji, kwa sababu zinamfanya afikiri kuna kinasaba kimoja cha aleji-na-ukichaa, kama mbegu ya ugonjwa, na aliye nacho amekwisha. Hakuna kitu kama hicho. Kila mmoja wetu ana vinasaba kama elfu ishirini vyenye maelekezo ya kutengeneza protini za mwili. Alama zinazohusishwa na sonona ni nyingi mno. Uchambuzi mmoja wa mwaka 2019, wa watu zaidi ya laki nane, ulitaja 102, na kila moja inaongeza uwezekano kwa kipimo kidogo sana, kama chembe ya chumvi kwenye sufuria. Wewe unazo baadhi, mimi ninazo, na mama mkwe anazo.

Wewe ni mtu wa Moshi, kwa hiyo nikueleze kwa mfongo. Mfereji mmoja unashuka kutoka mlimani, unapita kihamba hiki na kile, yaani shamba la ukoo, unamwagilia migomba ya huyu na kahawa ya yule. Kule juu kwenye banio maji yakipungua kidogo, mashamba kadhaa yataonja ukame kwa pamoja, ingawa wenyewe hawajagusana. Haimaanishi ukame wa shamba la juu ndio uliokausha la chini. Na kila shamba lina mlango wake wa maji, lina udongo wake, lina mwenye bidii au mvivu. Vinasaba vingi viko hivyo. Kinasaba kile kile kinachosaidia kuendesha kinga kwenye ngozi na mapafu kina kazi nyingine kwenye ubongo, na kikiwa tofauti kidogo, tofauti hiyo inaonekana pande zote mbili.

Mfano ulio karibu zaidi unao kabatini. Histamini ndiyo kemikali inayomfanya mwenye aleji apige chafya na atokwe na vipele vya kuwasha baada ya kula kitu kibaya. Kemikali hiyo hiyo, ndani ya ubongo, ina kazi ya kutuweka macho. Piriton inazuia histamini puani na ubongoni kwa pamoja, ndiyo maana mtu anakauka mafua na papo hapo anasinzia kwenye daladala. Mwili hauna idara ya akili iliyotengwa na idara ya ngozi kwa ukuta.

Na kama unapenda visa vya historia, hiki ni kitamu: kloropromazini, dawa ya kwanza ya kisasa ya magonjwa makali ya akili, ambayo wauguzi wa zamani wanaijua kwa jina la Largactil, ilizaliwa katika ukoo wa dawa za aleji. Wakemia wa Ufaransa walikuwa wanachezea dawa za kuzuia histamini, wakaipata mwishoni mwa 1950, na mwaka 1952 madaktari wa hospitali ya Sainte-Anne mjini Paris wakaanza kuitumia kwa wagonjwa wa akili. Basi ujirani huu wa aleji na ubongo si wa leo.

Njia ya pili ya ujirani ni uvimbe wa ndani. Kinga ya mwenye aleji ikiamka inatoa kemikali za kuitana, seli hii inaiambia ile "njoo". Baadhi ya ishara hizo zinafika kwenye ubongo na kuubadilisha: mtu anachoka, anakosa hamu, anataka kujifungia. Umewahi kuugua malaria ukaona dunia yote imekuwa ya kijivu hata kabla homa haijapanda? Hisia hiyo haikuwa uvivu, ilikuwa kinga yako ikizungumza na ubongo. Kwa mwenye ngozi iliyovimba miezi kumi na miwili, mazungumzo hayo hayakomi.

Sasa, mtu akiona vinasaba vimepatana atauliza: basi aleji ndiyo inaleta sonona? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol walilijibu hilo mwaka 2021 kwa njia ya ujanja. Mtoto anapotungwa, vinasaba vinagawanywa kwa bahati, kama watu wanaochota karatasi za kura kwenye kofia. Kwa hiyo unaweza kuwatazama waliobahatika kuchota karatasi za aleji na kuuliza: hawa, kwa sababu ya karatasi hizo tu, wanapata sonona zaidi? Kama aleji yenyewe ingekuwa kisababishi kikubwa, jibu lingekuwa ndiyo. Walichokuta ni ushahidi mdogo sana wa hivyo, na upande wa pili pia, kwamba sonona inaleta aleji, hivyo hivyo. Lakini walipowaangalia watu wa kawaida katika maisha yao, waliona wazi kwamba wenye aleji wana sonona na wasiwasi zaidi.

Mimi nasoma matokeo hayo hivi: mzigo mkubwa hauko kwenye kinasaba cha kurithi bali kwenye kuishi na ugonjwa. Kuna kutolala, kuna kuwashwa, kuna kuchekwa shuleni, kuna hela inayoisha kwenye matibabu, kuna mama mkwe. Wapo wenzangu watakaosema kwamba njia ile ya kofia haioni kila kitu, hasa kwa ugonjwa mkali, nami nawakubalia. Ila kwa mzazi anayetaka kujua afanye nini kesho asubuhi, tofauti hiyo haibadilishi kitu.

Kuhusu mdogo wako na mwanao: mtoto anagawana na mama yake mdogo kama robo ya vinasaba. Mtu mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyepata sonona ana uwezekano mara mbili hadi tatu wa kuipata naye katika maisha yake, ukilinganisha na asiye na ndugu kama huyo. Kwa mpwa kiasi hicho kinashuka. Kwa hiyo hesabu hiyo inakuhusu wewe zaidi kuliko mtoto, na hata kwako bado wengi wa namna yako hawaugui.

Kupima DNA? Usitoe hata shilingi. Kipimo ambacho watu wetu wanakijua, kile cha Mkemia Mkuu wa Serikali, ni cha kujua mtoto ni wa nani au mwili ni wa nani, hakina uhusiano na jambo hili. Na vile vya kuagiza mtandaoni vinavyojidai kutabiri sonona au aleji vimejengwa juu ya damu za watu wengine. Hesabu iliyofanywa mwaka 2016 ilionyesha kwamba kama asilimia 81 ya washiriki wa tafiti kubwa za vinasaba duniani walikuwa wenye asili ya Ulaya. Chukua mfano wa kinasaba cha filagrini, kinachosaidia kuifunga ngozi isipoteze maji. Mwaka 2006 watafiti wa Dundee, Scotland, waligundua kwamba hitilafu zake ni chanzo kikubwa cha pumu ya ngozi, na kwa Wazungu karibu mtu mmoja kati ya kumi anayo moja. Kwa Waafrika hitilafu hizo hizo ni adimu, ingawa pumu ya ngozi tunayo tele. Ukimpima mwanao kwa rula ya Dundee atatoka "salama" huku anajikuna mbele yako.

Nimefika kwa mtoto mwenyewe, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo kuna kazi.

Watoto wenye pumu ya ngozi kali nawatambua kabla hawajavua shati. Natazama kucha. Zinang'aa kama zimepigwa polishi, kingo zimelainika, kwa sababu zimesugua ngozi usiku kucha kwa miaka. Mama mmoja aliwahi kunionyesha video aliyoichukua saa nane usiku kwa mwanga wa simu: mtoto amelala, macho yamefumba kabisa, lakini mkono wa kulia unakuna mkunjo wa kiwiko cha kushoto kwa mpigo ule ule, kama mtu anayekuna nazi. Dakika nne bila kusimama. Asubuhi mtoto anasema alilala vizuri. Shuleni anasimama, anakaa, anamgusa jirani, anapigana kwenye foleni ya uji. Mwalimu anaandika: hatulii.

Mwaka 2010 watafiti wa Ujerumani walitoa taarifa ya watoto zaidi ya elfu kumi na tatu. Waliuliza kama pumu ya ngozi inaendana na kukosa umakini na utulivu. Iliendana, kwa wale waliokuwa na shida ya usingizi. Kwa wenye pumu ya ngozi waliolala vizuri, uhusiano huo haukuonekana waziwazi. Nikiletewa mtoto kama wako, swali langu la kwanza haliendi kwenye ukoo. Nauliza: analala saa ngapi, anaamka mara ngapi, na shuka asubuhi lina damu?

Na Piriton haimsaidii kama unavyodhani. Mwasho wa pumu ya ngozi hauletwi na histamini peke yake, kwa hiyo dawa hiyo haiuzimi, inamlewesha tu. Asubuhi bado imo kichwani, na mtoto aliyeleweshwa darasani hatofautiani na mtoto asiye makini. Kuitumia siku mbili tatu ugonjwa ukipamba moto si dhambi. Kila usiku, hapana.

Kinachompa usingizi ni kuizima ngozi yenyewe. Tunakuja kwenye dawa zako za kupaka unazotaka kuziacha. Naelewa hofu hiyo inakotoka. Hapa kwetu tumewaona watu walioharibika nyuso kwa krimu kali za steroidi, dawa za kutuliza uvimbe wa ngozi, zilizochanganywa kwenye mkorogo, ngozi imekuwa nyembamba kama karatasi ya vitumbua. Lakini hiyo ni dawa kali, usoni, kila siku, kwa miezi au miaka, bila mtu kusimamia. Haidrokotizoni ya asilimia moja usoni na kwenye mikunjo, au betamethasone mwilini kwa siku chache chini ya maelekezo, ni jambo jingine kabisa. Kiasi kinachoingia kwenye damu hapo ni kidogo mno. Kinachonisumbua zaidi kliniki ni kinyume chake: mzazi anapaka nukta moja kwa woga, upele hauishi, anahitimisha dawa haifai, anakwenda kununua kali zaidi. Kanuni ya mkono ni hii: dawa iliyokamuliwa kutoka ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi mkunjo wa kwanza inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima. Mpake panapowasha na palipovimba, mara moja au mbili kwa siku kama ulivyoelekezwa, hadi ngozi itulie, kisha upunguze.

Lakini dawa bila mafuta ni kupiga deki huku bomba linavuja. Mwogeshe kwa maji ya vuguvugu, dakika tano hadi kumi, bila dodoki na bila sabuni kali ya kufulia. Mpanguse kwa kumgusagusa, usimsugue, na kabla dakika tatu hazijapita mpake mafuta ya mgando yasiyo na manukato, mengi, mwili mzima, hata pasipo na upele. Rudia mchana akitoka shule. Mzazi mmoja aliniambia anampaka mtoto "kama andazi linalosubiri kuchomwa". Ndivyo.

Na jiko la kuni au mkaa, kama liko chini ya dari moja na anapolala, lihamishe au mhamishe yeye. Moshi wa jiko haumsaidii mwenye kifua, Julai wala Januari.

Ulisema kifua kinambana. Kama ameandikiwa vidonge vya pumu vya montelukast, au vikija kuandikwa, jua hili: mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo lake kali kuliko yote kwenye dawa hiyo, kwa sababu baadhi ya wanaoitumia, watoto kwa watu wazima, wanapata ndoto za kutisha, hasira, huzuni, hata mawazo ya kujidhuru. Wengi wanaitumia bila tatizo. Ila mtoto akibadilika tabia ndani ya siku au wiki chache baada ya kuianza, isimamishe na umwone daktari aliyeiandika siku hiyo hiyo. Prednisolone ya vidonge, steroidi ya kumeza pumu inapozidi, nayo inaweza kumfanya mtoto awe mkali na asilale kwa siku anazoitumia, kisha inapita. Nisingependa kabisa kuona tabia iliyoletwa na kidonge ikaandikwa kwenye hesabu ya ukoo wenu.

Mpe wiki nne hadi sita za ngozi iliyotulia na usingizi wa kweli, ndipo urudi kwa mwalimu. Kama bado hatulii, shuleni na nyumbani pia, basi anahitaji kuonwa na mtaalamu wa watoto au wa afya ya akili, kwa sababu mtoto anaweza kuwa na vyote viwili na hakuna aibu hapo. Mimi ni daktari wa ngozi. Hilo sitakuamulia kwa barua.

Kuhusu wewe. Moyo kwenda mbio na pumzi kukata inaweza kuwa pumu, inaweza kuwa hofu, na mara nyingi ni zote mbili zikifukuzana. Pumu kwa kawaida ina mlio wa filimbi unapotoa pumzi, inakohoza usiku, na inalegea baada ya inhela. Hofu inakuja kama wimbi, vidole na midomo vinafanya ganzi, unahisi hewa haijai hata ukivuta sana, na kifua hakipigi filimbi. Halafu kuna kisa cha tatu ambacho watu hawakitaji: ile inhela ya bluu, ya kufungua mirija haraka, ikitumiwa mara nyingi, yenyewe inatetemesha mikono na kuupeleka moyo mbio. Unaipuliza mara ngapi kwa wiki? Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu hauwashauri tena watu wazima kutegemea inhela hiyo peke yake. Unahitaji na ile ya kuzuia, yenye dawa ya kutuliza uvimbe wa mirija. Muulize daktari akupime kwa kile kidude cha kupuliza, kinaonyesha nguvu ya pumzi na kinaweza kutatua ubishi huu kwa dakika tano.

Usipoteze muda nyumbani kama wewe au mtoto hamuwezi kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi, mbavu zinaingia ndani, midomo inabadilika rangi, au inhela haifui dafu. Vivyo hivyo ngozi ya mtoto ikitoa usaha pamoja na homa, au vikitokea ghafla vipele vidogo vya maji vilivyosongamana na vinavyouma kuliko kuwasha. Hicho kinaweza kuwa kirusi cha malengelenge kilichopata mlango kwenye ngozi iliyochubuka, na hakingoji Jumatatu. Na upande wa akili: huzuni au hofu inayokaa wiki mbili bila kuondoka, kushindwa kula au kulala, au wazo lolote la kutaka kufa, lako au la mtoto au la mdogo wako, ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyo. Moshi mna bahati ambayo mikoa mingi haina: hospitali ya KCMC kuna kliniki ya ngozi pamoja na kituo cha kufundisha wataalamu wa ngozi kilichoanza mwaka 1992, na huduma ya afya ya akili iko hapo hapo. Hospitali ya Mawenzi pia ni mlango mzuri wa kuanzia. Mwambie daktari wa ngozi habari za usingizi na tabia, na umwambie wa akili habari za pumu. Usidhani watasimuliana.

Mdogo wako asiache dawa kwa sababu ya maneno haya yote. Na kama ataweza, mwombe siku moja akae na mwanao jioni akusaidie kumpaka mafuta. Mtoto aliyesikia mama yake mdogo ni "mgonjwa wa damu" amuone anavyocheka.

Mama mkwe umjibuje? Nisingeanza na vinasaba. Ningemkaribisha aje alale chumba kimoja na mjukuu usiku mmoja, aisikie ile sauti ya kujikuna. Bibi wengi wa huku wakishaisikia, asubuhi ndio wanaokumbusha mafuta.

Na kama mtoto ana lile sweta la sufu la mitumba ya soko la Memorial ambalo kila mtoto wa Moshi analo Julai, usilitupe. Mvalishe kwanza fulana ya pamba yenye mikono mirefu, sweta juu yake.